Kubana Bila Kisu: Mifuko ya Nyakunguru na Protini ya Bhoke

Mtu akiniuliza nimefanya kazi gani maishani, namjibu kwamba nimefunga mifuko. Anacheka, anadhani namtania. Lakini ninyi vijana mnaoshuka maduarani leo, kwenye mashimo ya dhahabu, mnajua kwamba dhahabu haipandi juu yenyewe. Inapanda ikiwa ndani ya jiwe, jiwe likiwa ndani ya mfuko, mfuko ukiwa kwenye kamba, na kamba ikiwa mikononi mwa mtu. Mtu huyo nilikuwa mimi, Marwa, mpaka mgongo ulipogoma ukanirudisha Nyarero kulima mahindi na kusumbua watu kwa maswali.

Maswali ndiyo ugonjwa wangu. Shule niliiachia darasa la tano, siku lori lililobeba mtambo wa kuchimba visima lilipopita mbele ya dirisha letu. Nilitaka kuona maji yanatokaje kwenye mwamba. Nikalifuata hadi Mugumu. Maji yalipotoka nikaridhika, lakini nilikuwa nimeshaona fundi anayepiga bati, na bati nalo lina siri zake. Nimechoma tofali, nimepikia kambi, nimeponda mawe. Kila mahali nilikaa mpaka nielewe kitu kinavyofanya kazi, halafu miguu ikaanza kuniwasha. Ni duara peke yake lililonishika miaka mingi, kwa sababu shimo la dhahabu huwezi kusema umelimaliza kulielewa.

Nitawapa machache kabla sijasahau. Ukishuka, gonga kila gogo la kuzuia ukuta kwa nyundo. Gogo zima linalia kwa sauti kavu. Lililooza linakujibu kama mtu aliyeshiba uji. Sisi tulipima hewa kwa mshumaa: mwali ukianza kusinzia, panda, na maswali utauliza ukiwa juu. Ninyi mna tochi za kichwani, na tochi haisinzii hata kama wewe unakufa, kwa hiyo msicheke mshumaa. Na zebaki msiichomee jikoni kwa mama zenu. Moshi wake hauna harufu ya kukuonya.

Sasa niwaambie kuhusu chatu, maana bila chatu nisingekuwa na la kuwasimulia.

Wakati wa rashi, dhahabu ilipogunduliwa pale Nyakunguru, watu walikuja kama siafu. Walitoka Tarime, walitoka Serengeti, walivuka hata kutoka ng'ambo ya Sirari wakiuliza, "Buda, ni wapi hapa mtu anaeza chimba?" Sisi wavutaji tulikaa juu kwenye winchi ya magogo. Desturi ilikuwa kwamba kila mfuko ukifika juu, mvutaji anachota konzi moja ya mawe kama haki yake. Wachimbaji wakafikiri. Wakachukua sindano ya gunia, wakatoboa kitako cha mfuko mmoja, wakaushonea mdomo wa mfuko wa pili, wakapata kitu kirefu kinachofika kifuani kwa mtu. Mdomo ukawa mmoja, kwa hiyo konzi nayo ikawa moja. Tukakiita chatu.

Tatizo la chatu ni kwamba hapendi kona. Maduara ya kule huanza kwa kushuka wima, halafu yanapinda kufuata mkanda, ule mstari wa jiwe lenye dhahabu. Pale kwenye kiwiko chatu alikuwa anakwama, nusu huku, nusu kule, na aliyekuwa chini anabaki huko huko kama soda yenye kizibo. Mara ya kwanza tulivuta kwa nguvu, kamba ikakatika. Mara ya pili jamaa mmoja alimpasua tumbo kwa kisu, na mawe yote yakamwagika kwa mwenzake wa chini. Hakufa, ila alitembea wiki nzima na nundu pajini ya kutosha kuwekea kofia.

Aliyetuonyesha njia hakuwa mchimbaji. Alikuwa Fundi Salehe, mzee wa asili ya pwani aliyeshona katambuga sokoni Tarime, akija mgodini kutuuzia viatu na vipande vya mpira wa tyubu. Siku moja alitukuta tunabishana juu ya chatu aliyekwama. Akavua kofia yake akaiweka vizuri juu ya begi.

"Wanangu, mnataka kumuua au kumgawa?"

"Kumgawa, Fundi."

"Basi kisu kitakuja mwisho. Kwanza mkumbatie."

Akatufundisha kwa mfuko uliokuwa juu. Mpira ukiufunga moja kwa moja kwenye tumbo nene, unateleza. Kwanza unapitisha mkono, unaukumbatia mfuko katikati na kuutikisa mpaka mawe yasogee huku na huku, ukipata kiuno chembamba. Hapo ndipo unazungusha mpira. Unavuta, mawe yanasogea kidogo. Unazungusha tena, na mzunguko mpya unashikilia kile ulichopata mzunguko uliotangulia. Halafu unafunga mpira wa pili kando ya wa kwanza, unakata katikati yao, na una mifuko miwili, kila mmoja umefunga mdomo wake. Halidondoki hata jiwe moja.

"Na kabla ya kukata," akasema, "kile kipande cha chini kiwe na kamba yake. La sivyo mtanizikia wateja."

Tangu siku hiyo nikawa mfunga chatu. Duara lolote lenye mkwamo, waliniita.

Miaka ikapita, kamba za katani zikawa za nailoni, winchi za magogo zikawekewa injini, tukaacha kutwanga mawe kwa vinu tukaanza kutumia karasha, mashine ya kusaga mawe. Ndipo nikakutana na jambo lililonisumbua kuliko yote niliyowahi kuuliza. Lilikuja nyumbani likiwa limebebwa na mtoto wa kaka yangu.

Kaka yangu ni Mwita. Alikuwa na duara lake Nyakunguru, na karasha moja ya kelele nyingi, na ng'ombe ambao duara lilikuwa linawala mmoja mmoja, maana mkanda ulikuwa umepotea na wachimbaji walikuwa wanautafuta gizani. Binti yake mkubwa, Bhoke, alikuwa amemaliza shahada ya kwanza ya biolojia. Alipata nafasi ya kuendelea na ya pili, kwenye maabara yenye darubini ambazo hapa kwetu hazipo. Alikuja likizo akiwa na begi la vitabu na uso wa mtu anayejua kwamba jibu liko mikononi mwa mwingine.

Jibu lilikuwa zizini. Alikuwepo dume mmoja mwekundu, mkubwa, aliyetengwa kwa ajili ya mnada wa Jumamosi, na bei yake ingetosha ada. Lakini Mwita alikuwa anahitaji mtu wa kuaminika wa kusimamia karasha, na mezani siku ile alisema wazi.

"Duara langu naliona. Hata likininyima, naliona. Wewe sijui unachimba nini huko. Unasoma nini hasa?"

"Nasoma protini inayogawa mitokondria, tata," Bhoke akajibu. Tata ndivyo tunavyomwita baba.

"Nimeelewa 'nasoma' na nimeelewa 'tata'. Hapo katikati umenipoteza."

Mke wake akacheka hadi mchuzi ukamwagika. Mwita hakucheka.

"Sikiliza, Bhoke. Kabla ya Jumamosi nieleze, nielewe mimi, si mwalimu wako. Nikielewa, yule dume anapanda lori na wewe unapanda basi. Nisipoelewa, yeye anabaki zizini na wewe unabaki kwenye karasha. Nimekosea?"

"Hujakosea, tata." Lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Sasa mnanifahamu. Nilimfuata yule binti siku zote zilizobaki. Akienda kuteka maji nipo, akiosha vyombo nipo. Akaniambia kwamba mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo usivyoweza kuviona kwa macho. Ndani ya kila chumba, isipokuwa vichache kama chembe nyekundu za damu, kuna mitokondria, ambazo zinachukua chakula na hewa na kutoa nishati ya kuendeshea kazi zote.

"Kama injini ya karasha," nikasema.

"Kama injini, baba mdogo, lakini laini. Ni ndefu kama minyoo. Zinaungana, zinaachana, zinaungana tena, mchana na usiku. Na kuna protini inayoziachanisha. Inaitwa Drp1."

"Anaitwa nani?"

"Di-ari-pi-wani."

"Jina kama la polisi. Kwa hiyo anakuja na shoka."

"Hana shoka. Wala si mmoja. Zinakuja nyingi, zinashikana mikono kuizunguka ile mitokondria."

"Kama ngoma ya esukuru ya harusini?"

"Kwenye ngoma hakuna anayebanwa, baba mdogo."

Nilimpelekea Mwita habari ya shoka, nikamvuruga. Nikampelekea habari ya ngoma, nikamvuruga zaidi. Alhamisi akaniambia, "Marwa, mura, ndugu yangu, nikuombe kitu. Usinisaidie kuelewa."

Ijumaa asubuhi tulikuwa wote kwenye duara. Bhoke alikuja na chai ya wachimbaji, lakini nilijua amekuja kujaribu bahati yake ya mwisho. Alikuwa ameshaanza. "Tata, chukulia kwamba seli ni kijiji," anasema, na baba yake anajibu, "Kijiji gani, kina mwenyekiti?" Mara kamba ya winchi ikalia na kusimama. Nikachungulia. Chatu! Miaka yote hiyo, na bado kuna watu walikuwa wanashona chatu.

Chini ya kiwiko walikuwa wamebaki wawili. Mmoja akapiga kelele, "Mzee Marwa! Njoo haraka, huku hewa imeanza kuwa ya jana!"

"Nani ameshona hili dude?" Mwita akauliza.

Sauti ikajibu kutoka chini: "Limejishona."

Nikafunga kamba kiunoni, nikachukua mipira yangu na kisu, nikashuka. Chatu alikuwa amekaa kwenye kiwiko kama mzee kwenye kiti chake. Bhoke akapiga magoti juu, akamulika kwa tochi.

"Baba mdogo, unafanya nini huko?"

"Namkumbatia!"

"Kwa nini?"

"Tumbo ni nene, mpira utateleza! Namtafutia kiuno kwanza, halafu nazungusha!"

Nikaendelea kuutikisa mfuko. Halafu nikasikia kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake tangu akiwa mdogo. "Tata! Tata, njoo uone! Mtazame anachofanya!"

Kwa hiyo niliifanya kazi ile nikiwa na watazamaji wawili juu ya kichwa changu. Nilikumbatia, nikatikisa, nikazungusha, nikavuta, nikazungusha tena. Mpira wa pili. Kamba ya pili kwenye shingo ya kipande cha chini, maana Fundi Salehe bado yuko sikioni mwangu. Nikakata. Kipande cha juu kikapanda, cha chini kikafuata kwa kamba yake, na nyuma yake wakatoka wachimbaji wawili wenye vumbi mpaka kwenye kope, wakidai chai.

Nilipofika juu, Bhoke alikuwa ameshaweka vile vipande viwili mbele ya baba yake, chini, kwenye mchanga.

"Hii ndiyo kazi ninayosoma," akasema. "Mitokondria ni nene kuliko mzunguko wa ile protini. Kwa hiyo kwanza kuna utando mwingine wa seli, mtandao wa mirija, unaikumbatia na kuibana kidogo. Ni mkono wa baba mdogo. Hapo ndipo protini zinapokuja. Zinaelea tu kwenye majimaji ya seli, lakini juu ya mitokondria kuna vishikizo vinavyozidaka. Zinaungana, zinakuwa pete, zinatumia nishati na kukaza."

Mwita akainama, akagusa mpira. "Na kisu anashika nani?"

"Hapo baba mdogo na seli wanaachana. Hakuna kisu. Pete inabana mpaka kuta zinagusana, zinajiunga upya, na vipande vinaachana, kila kimoja kikiwa kimefunga. Hakimwagiki kitu. Halafu pete inavunjika, protini zinarudi kuelea, zikisubiri kazi nyingine."

"Wanaondoka bila kudai konzi?"

"Bila konzi, tata."

Wachimbaji wakapiga makofi. Mmoja akasema angependa wavutaji wa namna hiyo. Mwita akawanyamazisha kwa mkono. Niliona amekaza uso, na nikajua sasa hachezi.

"Lakini kwa nini igawanywe? Chatu ana mawe mengi kuliko mfuko mfupi."

"Wewe umeona kwa nini. Kuna seli za neva zilizoanzia mgongoni zikafika mpaka kwenye kidole cha mguu, nyembamba kuliko uzi. Kule mwisho kunahitajika nishati. Mitokondria ndefu iliyojisokota haisafirishwi vizuri kwenye njia kama hiyo, kipande kifupi kinasafirishwa. Tena mitokondria ikiharibika upande mmoja, upande ule unakatwa na seli inaula, uzima unabaki. Na seli ikijigawa kuwa mbili, kila moja lazima ipate mitokondria zake."

"Na hiyo protini ikiwa mbovu?"

"Wapo watoto wachache wanaozaliwa hivyo. Mitokondria zao zinakuwa ndefu na kusongamana, na ubongo unashindwa kukua vizuri. Na ikibana kupita kiasi ni shida pia, unabaki na vipande vidogo vidogo visivyo na nguvu. Ndiyo maana inafaa tuielewe."

Mwita akakaa juu ya kile kipande cha mfuko. Alitazama shimo, akamtazama binti yake. Halafu akauliza swali ambalo mimi, pamoja na ugonjwa wangu wote, sikuwa nimeliuliza.

"Marwa alishuka kwa sababu kamba ililia na watu walipiga kelele. Huko ndani nani anapiga kelele? Nani anauambia ule mkono, kumbatia hapa, siyo pale?"

Nilimwombea Bhoke apate uongo wowote wa kusema.

"Tunajua baadhi ya ishara," akasema polepole. "Lakini yote, tata, hatujui. Kwa nini pale na si pale, kwa nini sasa na si baadaye, bado watu wanatafuta. Ndicho ninachotaka kwenda kutafuta."

Nikafumba macho. Alikuwa amefika mlangoni, na sasa amesema hajui, mbele ya mtu aliyetaka kueleweshwa. Hata wachimbaji waliacha kunywa chai.

Mwita akaokota jiwe, akaligeuza geuza, akalitemea mate na kulisugua kama tunavyofanya sote tukitafuta mng'ao. Hakuona kitu. Akalirudisha.

"Hawa," akasema akitunyooshea kidole, "kila wiki wananiuliza mkanda uko wapi. Nawaambia uko mbele. Nani ameuona?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Hakuna aliyeuona. Na bado nauza ng'ombe. Angekuja hapa mtu akaniambia anajua kila kitu kilichoko chini, ningemfukuza, kwa sababu huyo ni tapeli. Tapeli ndiye anayejua yote." Akamgeukia Bhoke. "Kumbe na wewe unafuata mkanda. Ungeniambia hivyo mezani, mama yako asingemwaga mchuzi."

"Kwa hiyo, tata?"

"Kwa hiyo nini? Dume anapanda lori. Na ninyi," akawageukia wachimbaji, "aliyejishona nitamjua, na karasha ataisimamia yeye."

Vijana, nimewaandikia haya kwa sababu najua mnavyoambiana, kwamba aliyeacha shule hana haja na habari za shule, na aliye shuleni hana haja na habari za shimo. Mimi nimekaa pande zote mbili, upande mmoja kwa muda mfupi sana, na nawaambia ulizeni. Muulizeni fundi viatu. Muulizeni binti anayeosha vyombo. Mkielezwa kitu, jaribuni kukirudisha kwa maneno yenu, hata kama ni shoka na ngoma, mtacheka na mtasahihishwa. Bhoke bado yuko kwenye maabara yake, na akipiga simu namuuliza kama amefika kwenye mkanda. Anasema bado, ila jiwe limeanza kubadilika rangi. Mwita naye anasema hivyo hivyo kila siku, na mkewe anawasikiliza wote wawili akitikisa kichwa.

Siku ya Bhoke kuondoka, mama yake alikuwa amemjazia gunia la karanga, unga wa muhogo na viazi vilivyokaushwa, refu kuliko yeye. Kijana wa bodaboda wa kumpeleka stendi ya Tarime akalitazama, akazima pikipiki.

"Shikamoo, mzee. Huu ni mzigo au ni abiria wa pili?"

"Marahaba. Subiri," Mwita akasema, na akaniomba mipira.

Sikumsaidia. Alipitisha mkono wake mwenyewe, akalikumbatia gunia katikati, akalitikisa mpaka karanga zikasogea huku na viazi kule. Akazungusha mpira, akavuta, akazungusha tena. Kiuno kikatokea, kizuri kabisa. Halafu kwa mazoea mkono ukaenda mfukoni, ukatoka na kisu.

"Tata," Bhoke akasema, "hakuna kisu."

Mwita akakitazama kile kisu kana kwamba si chake, akakirudisha. Akalitandaza gunia juu ya kiti cha pikipiki, nusu kushoto, nusu kulia, binti yake akakaa juu ya kile kiuno kama mtu aliyepanda punda. Pikipiki ikawaka.

"Nenda taratibu," kaka yangu akamwambia kijana. "Umebeba duara langu la pili."